Herufi moja ikigeuka: mabadiliko ya jeni na yanachofanya kwa viumbe hai (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Mtoto akizaliwa na selimundu, au na ualbino, au kimo chake kikawa kifupi kuliko cha ndugu zake, swali la kwanza huwa "nani kasababisha?" Jibu likikosekana, mama ndiye anayebebeshwa. Jambo hili linaniuma, na naamini likieleweka jinsi mutesheni, yaani mabadiliko ya jeni, zinavyotokea, swali lenyewe litakosa mashiko. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ni mrefu, vumilieni.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna DNA, iliyoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Seti moja ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3, na kila mtu ana seti mbili, ya baba na ya mama. Humo mna jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli huzisoma herufi tatu tatu. Kila tatu zinataja asidi amino moja, na asidi amino zikiunganishwa kwa mpangilio ndipo protini inapatikana.

Huko kusoma tatu tatu ndiko kunakoamua mengi. Chukua sentensi yenye vipande vya herufi tatu tu (kitenzi nimekikata makusudi):

MTU ANA UZA MTI ULE

Geuza herufi moja: MTU ANA UZA MJI ULE. Inasomeka bila shida, ila kinachouzwa sasa ni mji mzima. Safari hii usigeuze, dondosha ile T ya kwanza, kisha endelea kusoma tatu tatu kama kawaida:

MUA NAU ZAM TIU LE

Imepotea herufi moja, lakini kila kilichofuata kimevurugika. Seli nayo ikikutana na jeni iliyodondosha herufi namna hii, mara nyingi hutoa protini fupi isiyofaa kitu, au haitoi kabisa. Upande wa pili kuna mabadiliko yasiyobadili chochote: GAG na GAA zote zinataja asidi ya glutamiki, kwa hiyo G ya mwisho ikigeuka A, protini inatoka ileile. Halafu kuna makosa makubwa ya kromosomu nzima, yaani furushi zima la DNA, kama mtoto kupata kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Hiyo ndiyo hali ya Down, na chanzo chake kilitangazwa mwaka 1959.

Sasa niwaonyeshe herufi moja ikifanya kazi, maana bila mfano haya yanabaki maneno tu.

Jeni ya beta-globini iko kwenye kromosomu namba 11. Kwa mwenye selimundu, mahali palipotakiwa kusomeka GAG panasomeka GTG. A moja imekuwa T. Kwenye mnyororo wa asidi amino 146, moja tu imebadilika: palipokuwa na asidi ya glutamiki sasa pana valini. Shida ni kwamba asidi ya glutamiki hupatana na maji, valini huyakwepa. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini iliyoko juu yake inajichomeka kwenye kishimo cha hemoglobini ya jirani, jirani naye anajichomeka kwa mwingine, hadi zinaungana kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo zinaitanua seli nyekundu na kuipa umbo la mundu. Seli ya umbo hilo inakwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo ndipo yanapokuja yale maumivu ya mifupa na kifua yanayomlaza mtoto. Seli nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120. Hii inavunjika ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya njano.

Yote hayo ni kwa mwenye nakala mbili za jeni iliyogeuka, SS (S ni nakala ya selimundu, A ni ya kawaida). Mwenye nakala moja, AS, kwa kawaida anaishi maisha yake bila ugonjwa, na zaidi ya hapo ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954. Kwa nini herufi inayoua haikutoweka kwenye maeneo ya malaria? Kwa sababu kwa wengi walioibeba nakala moja, ilikuwa inawaokoa utotoni.

Shikilia hapo, maana huu ndio msimamo wangu katika uzi huu: huwezi kuiita mutesheni nzuri au mbaya kabla hujauliza iko wapi, mtu ana nakala ngapi, na anaishi katika mazingira gani.

Zinatoka wapi? Nyingi ni makosa ya kunakili. Kabla seli haijagawanyika lazima inakili herufi zote bilioni kadhaa. Vimeng'enya vinavyonakili vina uhakiki wa ajabu, na baada ya marekebisho linabaki takriban kosa moja kwa kila herufi bilioni. Ni kidogo mno, lakini si sifuri. Kila mmoja wetu alizaliwa na mutesheni mpya takriban 60 hadi 70 ambazo wazazi wake hawakuwa nazo. Nyingi ziliangukia maeneo yasiyo na madhara, kwa kuwa sehemu inayotaja protini haifiki hata asilimia 2 ya DNA yote.

Na hapa nawaomba wanaowalaumu akina mama wasome taratibu: nyingi ya mutesheni hizo mpya hutoka kwa baba. Seli zinazozaa mbegu za kiume hugawanyika maisha yote, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa, kwa hiyo idadi hupanda kadiri baba anavyozeeka. Akondroplasia, aina ya kawaida ya ufupi wa kimo, inatokana na herufi moja kwenye jeni ya FGFR3. Takriban asilimia 80 ya watoto wenye hali hiyo wana wazazi wa kimo cha kawaida, na mutesheni yenyewe kwa kawaida hutokea upande wa baba. Si kwamba baba ana kosa, kama ambavyo mama hana. Hakuna aliyefanya chochote.

Tofauti nyingine ya muhimu: mutesheni iliyotokea kwenye seli ya ngozi au ini lako hairithiwi. Inaishia kwako. Ila zikijikusanya kadhaa kwenye seli moja, na hasa zikigusa jeni zinazozuia mgawanyiko holela, kama TP53, ndipo saratani inapoanza. Sumukuvu inafanya hivyo waziwazi. Aflatoksini, inayotolewa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kemikali inayonata kwenye herufi G. Saratani nyingi za ini za watu waliokula sumu hiyo kwa miaka zimekutwa na G ileile iliyogeuka T, kwenye kipande namba 249 cha TP53.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu, haya ni madini. Swali langu: hawa bakteria wanaoleta usugu wa dawa, ni dawa ndiyo inayowabadilisha? Maana tunaambiwa "usimeze dawa ovyo, vijidudu vitazoea".

#3 Mleta mada

Swali zuri sana mkuu, na wanasayansi wenyewe walilibishania miaka mingi.

Mwaka 1952 Esther Lederberg na Joshua Lederberg walilijibu kwa kitambaa cha mahameli. Walikuza bakteria kwenye sahani isiyo na dawa hata chembe, wakapata makundi mengi madogo. Wakagandamiza mahameli safi juu ya sahani, vinyweleo vya kitambaa vikabeba bakteria kidogo kutoka kila kundi, kisha wakakigandamiza kwenye sahani nyingine zenye dawa ya streptomaisini, kila kundi likikaa mahali palepale lilipokuwa. Waliopona waliota mahali palepale kwenye kila sahani yenye dawa. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ile ambayo haikuwahi kugusa dawa, wakachukua bakteria kutoka eneo hilohilo, na kwa kurudia hatua hizo wakapata bakteria sugu ambao wazazi wao hawakuwahi kuonja dawa.

Maana yake usugu ulikuwepo kabla ya dawa kuja. Dawa haikuufundisha mwili wa bakteria chochote. Iliua wengine wote na kuwaachia nafasi wale wachache waliokuwa na mutesheni tayari. Salvador Luria na Max Delbrück walikuwa wameshafikia hitimisho kama hilo mwaka 1943 kwa njia ya hesabu.

Zipo dawa zinazoweza kuongeza kasi ya makosa kwa kuisumbua DNA ya bakteria, lakini hata hapo haziwachagulii kosa la kufanya. Vilevile bakteria wengi hawasubiri mutesheni, wanapeana jeni za usugu wao kwa wao. Kwa hiyo onyo la kutomeza dawa ovyo liko sahihi kabisa. Neno "kuzoea" ndilo linalopotosha, kwa sababu linawafanya watu wadhani mwili wao ndio umezoea.

Vimelea vya malaria na mbu nao hufuata njia hiyohiyo. Klorokwini ilishindwa kwa sababu ya mabadiliko kwenye jeni moja ya kimelea inayoitwa PfCRT, na mbu wanaostahimili dawa ya vyandarua mara nyingi wana mutesheni kwenye mlango wa sodiamu wa mishipa yao ya fahamu, pale hasa dawa inapotakiwa kushika.

#4

Habari kaka. Mimi na mume wangu ni weusi, mtoto wetu wa pili ana ualbino. Pande zote mbili wanasema kwao hakuna. Nimesemwa mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Naomba unieleze kwa lugha nyepesi ilikuwaje.

#5 Mleta mada

Dada, pole kwa uliyopitia. Nitaeleza taratibu.

Rangi ya ngozi, nywele na macho inatoka kwa melanini. Ili seli iitengeneze inahitaji jeni kadhaa zifanye kazi, mojawapo inaitwa OCA2. Aina ya ualbino inayoonekana zaidi Afrika kusini mwa Sahara inatokana na kukatika kwa kipande cha herufi takriban 2,700 ndani ya jeni hiyo. Mwenye nakala moja iliyokatika na nyingine nzima ni mweusi kama wengine, kwa sababu nakala moja nzima inatosha kutoa melanini. Hawezi kujijua kwa kujitazama kwenye kioo. Nakala hiyo inaweza kupita kwa bibi, kwa baba, kwa mjukuu, vizazi na vizazi, bila kuonekana hata mara moja.

Siku mbebaji mmoja akioana na mbebaji mwingine, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata nakala zote mbili zilizokatika. Hiyo ni kwa kila mimba upya. Kwamba wa kwanza hakuwa na ualbino hakuongezi wala kupunguza chochote kwa wa pili au wa tatu.

Sasa angalia hili wanalolisahau wanaokusema: ili mtoto wenu awe hivyo, nakala moja lazima ilitoka kwako na nyingine kwa baba yake. Wanaoushika ualbino kama ushahidi wa kwamba mke alitoka nje ya ndoa wameishika sayansi kichwa chini miguu juu. Na "kwetu hakuna" maana yake ni kwamba kwao hajawahi kuonekana mwenye nakala mbili, basi.

La mwisho, ni la mtoto mwenyewe. Melanini inahitajika pia jicho linapojengwa tumboni, kwa hiyo karibu wote wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yanayochezacheza. Akaguliwe macho mapema, akae mbele darasani, apewe maandishi makubwa. Ngozi yake haina kinga dhidi ya miale ya jua, na miale hiyo hubandika herufi T mbili zilizo jirani kwenye DNA, kisha seli inakosea kunakili hapo. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si urembo kwake, ni kinga ya saratani ya ngozi. Akili yake haijaguswa hata kidogo.

#6

Asante sana kaka. Nimemwonyesha mume wangu, amesoma mara mbili.

#7

Mimi bado napinga kidogo. Mutesheni ni kuharibika kwa maandishi. Kitu kikiharibika hakiwi bora. Nitajie moja yenye faida tupu, si hiyo ya selimundu yenye faida na hasara.

#8 Mleta mada

Hoja yako ina uzito mkuu, na kwa sehemu nakubali: zinazoleta athari yoyote, nyingi zaidi zinadhuru kuliko kufaidi. Lakini "bora" ni bora kwa nani, wapi?

Chukua maziwa. Binadamu, kama mamalia wengine, huzaliwa na kimeng'enya cha laktezi, kisha kwa zaidi ya nusu ya watu duniani kinapungua baada ya kuacha kunyonya. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi tumbo linajaa gesi na kuharisha. Kwenye jamii za wafugaji ilitokea herufi moja ikageuka, wala si ndani ya jeni ya laktezi, bali kwenye kipande cha jirani kinachoamua lini jeni hiyo izimwe. Haizimwi tena. Ulaya ilitokea yao. Mwaka 2007 kundi la Sarah Tishkoff lilionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana mutesheni tofauti kabisa, herufi kama mia moja kutoka ile ya Ulaya, iliyoenea ndani ya takriban miaka 7,000 iliyopita. Mahali pawili, makosa mawili tofauti ya kunakili, matokeo yaleyale. Hasara yake sijaiona.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 tembo waliuawa kwa ajili ya pembe hadi zaidi ya asilimia 90 wakaisha. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa takriban asilimia 18. Baada ya vita wakawa kama nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha hali hiyo na mabadiliko kwenye kromosomu X, na dalili zilizopatikana ni kwamba dume akirithi anakufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana huko wasio na pembe ni majike.

Tazama vizuri: mutesheni inayoua nusu ya watoto wa kiume wa jike aliyeibeba ilienea kwa kasi, kwa sababu bunduki zilikuwa zinawaua wenye pembe haraka zaidi. Bunduki hazikuitengeneza, ilikuwepo. Kilichobadilika ni thamani yake. Na tembo asiye na pembe hawezi kuchimba maji wala kubandua magome kama mwenzake, kwa hiyo hata mimea na wanyama wanaomtegemea wanaguswa.

#9

Naongezea la mifugo. Ng'ombe wa Belgian Blue, wale wenye misuli ya kutisha, wamepoteza herufi 11 kwenye jeni ya miostatini, breki ya ukuaji wa misuli. 11 haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo ni kama ile MUA NAU ZAM ya mleta mada. Mfugaji anafurahia nyama, lakini jike anapata tabu kuzaa na upasuaji umekuwa kawaida.

#10 Mleta mada

Umenikata kiu mkuu. Faida kwa mfugaji, hasara kwa ng'ombe, jeni ni ileile.

#11

Je, eksirei na simu? Mke wangu mjamzito anaogopa hata kuweka simu karibu na tumbo.

#12 Mleta mada

Tuvitenganishe. Miale ya eksirei ina nishati ya kukata DNA. Hermann Muller alilithibitisha mwaka 1927 kwa nzi wa matunda na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Kipimo kimoja cha hospitali ni dozi ndogo, lakini mjamzito aseme kwamba ana mimba kabla ya kupigwa, ili daktari apime umuhimu. Mawimbi ya simu hayana nishati ya kuvunja vifungo vya DNA, kwa hiyo mama aondoe hofu hiyo.

Kuhusu mionzi mikubwa: manusura wa Hiroshima na Nagasaki walipata saratani zaidi, leukemia ikitangulia. Lakini watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu wamefuatiliwa kwa miongo mingi na hakujaonekana ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi. Na si kila ulemavu wa kuzaliwa ni mutesheni. Rubela ikimpata mama mwanzoni mwa mimba inaweza kumharibu mtoto macho, moyo na masikio bila kugusa herufi hata moja. Ndiyo maana kuna chanjo, na inatolewa kabla ya mimba.

#13

Nimesikia selimundu sasa inatibika kwa kuhariri jeni. Ni kweli wanarudisha ile T iwe A?

#14 Mleta mada

Tiba ipo kweli, ila haifanyi hivyo, na namna inavyofanya inanisisimua. Inaitwa Casgevy, ilipitishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Inatumia CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya mwaka 2020.

Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini nyingine, ya kichanga, isiyo na tatizo la selimundu. Baada ya kuzaliwa, jeni ya BCL11A huizima. Madaktari huchukua seli mama za damu za mgonjwa, wanakata swichi inayoiwasha BCL11A ndani ya seli hizo, wanaua uboho wa zamani kwa kemikali kali, kisha wanamrudishia seli zake. Hemoglobini ya kichanga inaamka. Ile GTG ya selimundu inabaki palepale. Wamemtibu kwa kumwongezea mutesheni nyingine, ya makusudi.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na hiyo kemikali inaweza kuharibu uzazi. Kwa wagonjwa wengi dawa inayopatikana ni haidroksiyurea, kidonge kinachopandisha hemoglobini hiyohiyo ya kichanga na kupunguza vipindi vya maumivu. Anza kuulizia hapo.

Na kitu ambacho familia nyingi hazikitambui: uhariri huu unagusa uboho tu, si mayai wala mbegu. Mwenye SS aliyetibiwa akapona kabisa bado atampa kila mtoto wake S moja. Mwenzi wake akiwa AA, watoto wote watakuwa AS. Akiwa AS, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa SS. Kwa hiyo kipimo cha hemoglobini cha mwenzi kinahitajika kabla na baada ya tiba, na ni cha damu kidogo tu.